Mishale Miwili ya Lemasi

"Umefunga maji, Mama Tabitha. Usinizungushe."

"Nimefunga. Sikatai. Sasa ruhusu gari liende."

"Ndiyo sababu haliendi."

Hanna alimtazama Shabani, stesheni masta wa Lemasi, kama mtu anavyomtazama mlevi anayetaka kumfundisha njia ya kwake. Nyuma yake gari moshi lililotoka Moshi lilikuwa limesimama likipumua mvuke. Ndani ya behewa la tatu, juu ya benchi lililotandikwa blanketi, alilala binti yake Tabitha, akiwa na mtoto aliyekingama tumboni. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana alfajiri. Namnyaki, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa mteremko ule, alikuwa ameosha mikono yake asubuhi na kusema kwamba hapo kazi yake imekwisha, msichana akafikishwe kwa daktari Arusha. Mume wa Tabitha, Bariki, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, huko mpakani na Wahabeshi. Kwa hiyo mwenye kusema ni Hanna peke yake.

Barabara haikuwepo. Mvua za wiki ile zilikuwa zimekula kivuko cha mto, na lori la mwisho lililojaribu kupita lilikuwa bado limelala ubavu katikati ya maji. Kilichobaki ni daraja la reli.

"Nieleze polepole," Hanna alisema. "Maji ya mgomba wangu yamelizuiaje gari la Serikali?"

"Si maji ya mgomba wako. Ni maji ya Jumapili. Ni yangu."

Hapo alikuwa na haki, na Hanna alijua. Wazee wa mfereji walikwisha kukata neno zamani: kwa kuwa Jumapili Walutheri hawashiki jembe, maji ya siku hiyo yaachwe yateremke mpaka stesheni, kwa Shabani na mkewe Mwamvua, ambao siku yao ya swala ni Ijumaa. Mwamvua alinyweshea mchicha wake, na kila mtu alisifu ujirani huo. Lakini juma hilo mvua ilikuwa imepiga juu mlimani na kule mbugani, ikaruka bonde la Lemasi kama imelikasirikia. Miche ya kahawa ya Hanna ilikuwa inainamisha vichwa. Jumamosi jioni, kabla uchungu haujawa wa kutisha, alikuwa ameziba mfereji kwa magogo ya mgomba na udongo, akayageuzia maji kwake.

"Mzee wa akina mama kanisani," Shabani alisema. "Na Pasaka hii."

"Nitatubu. Wewe ruhusu gari."

"Nyuma ya ofisi yangu kuna sahani ya shaba imezikwa. Umeme wa kengele za kuombeana njia huenda Arusha kwa waya, na kurudi hurudi kwa ardhi. Ardhi ikikauka, unarudi ovyo. Tangu alasiri vyombo vyangu vinapiga kelele kama vimerogwa, na simu ya kusemea imejaa ngurumo tupu. Siwezi kupeleka watu kwenye njia moja ya kwenda na kurudi kwa neno la kengele yenye wazimu."

"Kwa hiyo ukipata maji, gari litaondoka."

"Nikipata maji na kengele ikatulia."

Hanna hakungoja amalize. Alikunja kanga kiunoni, akapanda bustanini kwa njia ya mkato, akakiingilia kile kizibo kwa mikono. Aling'oa gogo la kwanza, la pili likamponyoka likaenda na maji, na tope likamruka hadi kifuani, juu ya gauni la Pasaka. Maji yalisita kidogo kama yanayokumbuka njia, kisha yakateremka. Alipofika tena stesheni, Mwamvua alikuwa tayari ameshayaelekeza kwa jembe nyuma ya ofisi, na udongo ulikuwa ukiyanywa kwa sauti.

Walisimama wakisikiliza, wanawake wawili na Shabani dirishani.

Kengele ililia. Ikanyamaza. Ikalia tena, mlio mrefu usio na mpangilio, kama mtoto anayechezea mlango.

"Ngojeni iloe vizuri," Mwamvua alisema.

Wakangoja. Pale palikuwa dimbwi sasa. Kengele ikalia vilevile.

Dereva wa gari akaja, Kalasinga mrefu mwenye kilemba kilichopauka kwa masizi, akachungulia dirishani bila kubisha. "Masta, mshale wako wa Arusha, hapo kwenye kioo, uko upande wa wazi. Nimeuona kwa macho yangu. Unangoja nini?"

"Umeuona sasa. Hukuuona dakika iliyopita, ulikuwa upande wa kufungwa."

"Arusha amejibu. Nina abiria tele, nina mgonjwa, jua linateremka. Nipe bendera ya kijani."

"Mpe," Hanna alisema.

Nje, abiria walikuwa wameanza kushuka na kujipanga kivulini. Mzee Ephraimu, aliyekuwa akirudi na wanakwaya kutoka Makumira, alikuwa anawaeleza kwamba ni Wajerumani. Wamejificha msituni, wameunga waya wao kwenye waya wa reli, wanatuma maneno ya uongo. Vita ilikuwa na miezi sita tu, na kila kilichoharibika kilikuwa kimeharibiwa na Wajerumani, hata jino la mtu. Wengine walimcheka. Wengine waliangalia msitu.

Kutoka behewa la tatu ikaja sauti ambayo Hanna aliijua. Haikuwa kelele. Kelele zilikuwa zimekwisha adhuhuri. Ulikuwa mguno mdogo, wa mtu aliyechoka kuomba.

Alimgeukia Shabani. Safari hii hakupandisha sauti, na waliomfahamu wangejua kwamba hapo ndipo pa kuogopa.

"Bwana Shabani. Asubuhi umeniamkia, nikaitikia marahaba. Nimekosa, nimekiri, nimefungua maji. Kengele imelia, mshale umesema wazi, dereva yuko tayari. Binti yangu akifia hapa, nitasema kwa kila mtu atakayepita kwenye reli hii kwamba aliuawa na woga wako."

Shabani alikuwa mtu mwembamba, mwenye desturi ya kufunga vifungo vyote vya koti hata wakati wa joto. Alifungua kimoja.

"Ingia ndani," alisema.

"Ndani?"

"Ofisini. Hairuhusiwi. Ingia."

Ofisi ilinuka mafuta ya taa na karatasi. Juu ya meza kulikuwa na masanduku mawili ya mbao yaliyopakwa rangi nyeusi, kila moja na kengele yake na uso wa kioo, na nyuma ya kioo mshale kama wa saa. Shabani akaonyesha la kushoto.

"Hili ni la Arusha. Arusha akinigongea na kushika mshale upande huu, ni njia wazi. Niletee gari. Hili la kulia ni la Usa River. Gari la Usa River ndilo hili liko nje. Usa hana la kuniambia mpaka kesho. Sasa usiangalie mmoja. Angalia yote miwili."

Hanna akaangalia. Mshale wa kushoto ulikuwa unaelemea taratibu upande wa wazi. Ule wa kulia nao ulikuwa unaelemea. Wa kushoto ukasita, wa kulia ukasita. Ikarudi pamoja, ikavuka katikati, kengele zote mbili zikalia, mishale ikaelemea upande wa pili. Ilikuwa kama kutazama vifua vya watu wawili waliolala, wanaopumua kwa pumzi moja.

"Arusha na Usa hawaonani," Shabani alisema. "Mmoja yuko magharibi, mwingine mashariki. Hawawezi kugonga pamoja hivi, hata wangefanya mazoezi mwaka mzima."

Akainama chini ya meza, akachomoa waya mmoja kutoka kwenye mitungi ya betri, kisha wa pili, akauinua amwonyeshe. "Umeme wangu nimeukata."

Mishale ikaendelea kupumua.

Hanna alihisi nywele za mikono zikisimama. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na watoto wawili, na hakuwa mwepesi wa kuona mashetani, lakini alirudi nyuma hatua moja.

"Nani anagonga?"

"Hakuna mtu."

"Mjerumani?"

"Mjerumani wa kugonga Arusha na Usa kwa mkono mmoja bado hajazaliwa." Shabani akavuta pumzi. "Nilipokuwa najifunza simu Dar es Salaam, mwalimu wetu alisema kuna siku jua hupata madoa na kutema kitu kisichoonekana. Kikifika hapa, ardhi yenyewe huamka na umeme wake, ukapanda kwenye waya mrefu wowote utakaoukuta. Tulicheka. Tulidhani anatupima kama tunasikiliza. Leo nilikulaumu wewe na maji yako kwa sababu hilo nalifahamu. Hili lingine sikutaka kulifikiria."

Mwalimu yule hakuwa akitania. Alasiri ile ya Pasaka ya mwaka 1940, wakati maji yakibishaniwa Lemasi, watu wa simu Ulaya na Amerika nao walikuwa wanahangaika na nyaya zinazosema zenyewe, na wengi wao hawakujua zaidi ya alichojua Shabani. Bonde lile lilipata sehemu yake kama mahali pengine, bila ngurumo, bila wingu, anga ikiwa safi kabisa juu ya Meru.

"Basi mshale hausemi wazi," Hanna alisema polepole. "Wala hausemi imefungwa."

"Hausemi kitu."

"Si ni sawa na barabara? Dereva aende polepole, akipiga king'ora."

"Sikiliza, mama. Kabla simu haijajaa ngurumo, Arusha aliniomba njia. Ana gari la mizigo ya vita, linaelekea huku. Nikamwambia hapana, abiria kwanza, ngoja nikugongee. Akakubali, anangoja kengele yangu." Aliweka kidole kwenye kioo cha kushoto. "Kama mshale wangu unakwenda upande wa wazi bila Arusha kuugusa, je, wa Arusha unakwendaje?"

Hanna alikuwa anaiona njia yote kichwani: reli moja, kona ya miamba, daraja, kona nyingine.

"Unakwenda wazi," alisema. "Na kengele inalia."

"Na stesheni masta wa Arusha hana mfereji wa kuushuku. Yeye ana dereva tu anayemwambia, si unaona imejibu."

Nje dereva alipiga filimbi ya injini mara moja, kwa hasira.

"Mtu aende kwa miguu Arusha," Hanna alisema.

"Nimeshamtuma. Atafika usiku."

"Tabitha hana usiku."

Kwa mara ya kwanza tangu alasiri Hanna alimwona kama alivyokuwa: mtu aliyebeba behewa zima la watu begani pake, na yeye Hanna alikuwa amening'inia juu ya mzigo huohuo akimwambia akimbie. Angeweza kuendelea kumsukuma. Angemsukuma mpaka atoe ile bendera. Shabani alikuwa karibu kuitoa. Na gari lingeondoka na wanakwaya, na watoto waliokuwa wakirushiana maganda ya machungwa, na Tabitha.

Akatoka nje.

"Mshusheni," alimwambia Namnyaki.

"Nani?"

"Tabitha. Mshusheni na blanketi lake. Kasaine yuko wapi?"

Kasaine, mnyapara wa genge la reli, alikuwa amekaa kwenye njia ya pembeni juu ya toroli lake, ubao mpana wenye magurudumu manne ya chuma na mpini wa kusukumia. Alikuwa anatafuna muwa. Alimsikiliza Hanna hadi mwisho, akatema makapi.

"Toroli linaweza," alisema. "Likija gari, tunalibeba tunaliweka kando. Wanaume wanne. Lakini darajani hakuna kando, Mama Tabitha. Kuna mto."

"Bendera si unayo?"

"Ninazo mbili."

"Basi mtu atatangulia ng'ambo na bendera, kisha ndipo toroli livuke."

Shabani alikuwa amewafuata. "Kuingiza toroli njiani bila ruksa ya Arusha, hilo nalo ni kosa langu."

"Liandike kwa jina langu."

"Daftari halina nafasi ya jina lako." Lakini alikuwa tayari anafungua kufuli la njia ya pembeni. "Mimi sitoki hapa. Nikitoka, dereva ataondoka nyuma yenu. Nitakaa mbele ya injini yake ikibidi. Kasaine, ukisikia reli inalia, hata kama hujaona moshi, shusha. Usibahatishe."

"Watoto wangu wote nimewazaa nikiwa kwenye reli hii," Kasaine alisema. "Nitabahatisha nini?"

Dereva alishuka kuuliza kuna nini, akamwona msichana akipita amebebwa kwenye blanketi, uso wake umekuwa rangi ya majivu, na hakuuliza tena. Alivua koti lake akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Tabitha juu ya ubao. Mzee Ephraimu alianza sala. Hanna akamwambia asali akiwa amesogea pembeni, wanaume wapite.

Wakasukuma.

Toroli lilikimbia kuliko alivyotegemea. Wanaume wawili walikimbia juu ya reli zenyewe, nyayo tupu kwenye chuma, mikono kwenye mpini. Wawili walipanda wakingoja zamu. Namnyaki alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Tabitha mapajani. Hanna alikaa mbele, miguu inaning'inia, bendera mbili nyekundu mkononi, na kila walipokaribia kona Kasaine alisimamisha, akalala akaweka sikio kwenye reli, akainuka. Kona ya miamba wakaipita. Shamba la mkonge la mlowezi wakalipita. Jua liliwaelekea machoni.

"Mama," Tabitha alisema.

"Nipo."

"Gari limekwenda wapi?"

"Limebaki. Hili ni letu peke yetu. Hata malkia hajapata."

Tabitha alijaribu kucheka, na kicheko kikageuka mguno. Namnyaki alimtazama Hanna juu ya kichwa chake, akatikisa kichwa kidogo: upesi.

Wakafika darajani.

Daraja halikuwa refu, lakini lilikuwa jembamba kama reli yenyewe: mataruma ya kulalia reli, chuma, na kati ya taruma na taruma, maji ya rangi ya chai yakiburuta magogo chini sana. Ng'ambo njia ilipinda mara moja nyuma ya kilima. Huwezi kuona kinachokuja mpaka kimefika.

Kasaine aliweka sikio. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Kuna nini?"

"Maji yanatikisa chuma. Siwezi kusema ni maji tu." Aliinuka, akapangusa shavu. "Tushushe hapa kando. Tungoje. Kama gari la Arusha linakuja, litapita, ndipo tuvuke."

"Na kama haliji?"

"Tutajua jioni ikiingia."

"Kasaine. Mtazame."

Hakumtazama. Kasaine naye alikuwa na mabinti. "Mtu wangu mmoja atavuka na bendera," alisema, lakini wale watu wanne walikuwa wameinamisha macho, na mmoja, aliyekuwa ameona mwenzake akisagwa na gari msimu uliopita, alikuwa ametoka jasho ambalo halikuwa la kusukuma.

"Unahitaji wanne kubeba toroli," Hanna alisema. "Ukimtoa mmoja, wa kubeba hawatoshi."

Alivua viatu vyake vya Pasaka akavitupa ubaoni. Bendera moja akamwachia Namnyaki, ya pili akaishika kwa meno ili mikono iwe huru, akakanyaga taruma la kwanza.

Hakukimbia mwanzoni. Kisha akaona kwamba kutembea ndiko kunakoacha nafasi ya kutazama chini, akakimbia. Taruma, taruma, taruma. Kitambaa chekundu kilimpiga shingoni. Chuma kilitetemeka chini ya nyayo zake na hakuweza kujua ni mto, ni yeye, au ni kile kingine. Katikati mguu mmoja uliteleza kwenye mafuta, goti likagonga reli, akainuka bila kujua kama limechanika. Taruma. Kisha kokoto. Kokoto kali, nzuri, za ng'ambo.

Akaendelea mpaka penye kona, mahali ambapo dereva wa Arusha angemwona mapema vya kutosha kufunga breki, naye angeweza bado kuliona daraja akigeuza kichwa. Akasimama katikati ya reli. Akaikunjua bendera kwa mkono wa kulia, juu kabisa, kuelekea Arusha. Mkono wa kushoto akauinua nyuma, kuelekea darajani, akauteremsha kwa nguvu.

Njooni.

Alisikia Kasaine akiwapigia watu wake kelele kwa Kimasai, kisha magurudumu yakaingia kwenye daraja kwa mlio kama wa debe tupu, mlio mpana unaojaa bonde lote, ukafunika sauti nyingine yoyote ambayo huenda ilikuwa inakuja. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kona, mkono juu, bega linawaka moto. Mlio uliendelea. Ukaendelea tena. Halafu ukabadilika, ukawa mdogo na mkavu, wa chuma juu ya kokoto, na sauti ya Kasaine ikasema karibu mgongoni pake, "Tumevuka. Panda."

"Sipandi," Hanna alisema. "Kona bado, na gari la Arusha linaweza kuwa nyuma yake. Nifuateni."

Akaanza kukimbia mbele yao, bendera juu.